Watoto Wetu Wakienda Chuo: Ni Nini Huzuia Ubakaji?

Vikundi vyetu vingi huchanga karo ili mtoto wa kijiji aende chuo. Tunamnunulia sanduku na blanketi, tunamwombea, halafu tunamwambia, "Jichunge huko." Je, neno hilo latosha?

Wengi wetu tunadhani mbakaji ni mtu mgeni wa gizani. Mara nyingi sivyo. Huwa ni mtu anayejulikana: mwanafunzi mwenzake, rafiki, hata mwalimu.

Huko Kanada, mtafiti Charlene Senn na wenzake walichunguza jambo hili katika vyuo vikuu vitatu, wakatoa matokeo mwaka 2015. Waliwagawa wasichana 893 wa mwaka wa kwanza kwa kura, kama mkulima anayejaribu mbegu mbili katika shamba moja. Kundi la kwanza lilipewa karatasi za kusoma tu. La pili lilifundishwa mara nne, saa tatu kila mara: kutambua dalili za hatari kwa mtu wanayemjua, kukataa bila kuona haya, kupiga kelele na kujikinga kwa mikono. Mwaka ulipoisha, katika kundi la karatasi karibu wasichana 10 kwa kila 100 walikuwa wamebakwa. Katika kundi la mafunzo walikuwa karibu 5.

Basi karatasi peke yake haitoshi, mazoezi husaidia. Lakini hao 5 je? Kosa ni la mbakaji, si la msichana. Kwa hivyo watafiti wana kazi mbele yao. Ni mafunzo gani hubadilisha wavulana? Anayeona jambo baya likianza afundishwe vipi kuingilia kati? Wavulana wanaobakwa wasaidiweje? Na mafunzo ya Kanada yatafaa Kenya, ambako wanafunzi wengi hupanga vyumba nje ya chuo?

Tusingoje majibu. Kabla ya kulipa karo, kikundi kiulize chuo: mwanafunzi akidhulumiwa, anaripoti kwa nani? Na kila mzazi amwambie mtoto wake, awe msichana au mvulana: likitokea, usinyamaze, usioge kwanza. Kimbia hospitali kabla saa 72 hazijapita, upewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Kisha piga ripoti polisi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inakulinda.

Nasi nyumbani tumpokee bila kumlaumu. Akiogopa lawama zetu, atanyamaza, na mbakaji atatafuta mwingine.