UMEME WA TUMBO NA VIDONDA VYA TUMBO

Wasomaji wengi wanafahamu kuwa moyo huzalisha umeme, na kwamba daktari huweza kuuandika umeme huo kwenye karatasi. Ni wachache wanaojua kuwa tumbo, yaani mfuko upokeao chakula, nalo lina umeme wake.

Umeme huo huanzia sehemu ya juu ya tumbo, penye seli za pekee ziitwazo seli za Cajal. Ioni zinapopita katika utando wa seli hizo, hutokea wimbi la umeme ambalo husafiri polepole kuelekea utumbo mwembamba. Kwa mtu mwenye afya, mawimbi hayo huwa takriban 3 kwa dakika, yaani moja kila baada ya sekunde 20. Wimbi peke yake halitoshi kuikaza misuli. Lakini mtu anapokula, neva huliongezea nguvu, kalsiamu huingia katika seli za misuli, nayo misuli hujikaza na kukisaga chakula. Hivyo wimbi ndilo linalopanga mwendo wa tumbo.

Mwaka 1922 Walter Alvarez, daktari wa Marekani, alitangaza kuwa ameyaandika mawimbi hayo kwa kuweka elektrodi juu ya ngozi, bila upasuaji. Kazi hiyo yataka uangalifu, kwani umeme wa tumbo ufikapo kwenye ngozi huwa ni sehemu ndogo tu ya milivolti 1, na mgonjwa akijitikisa huvurugika.

Je, mwenye kidonda cha tumbo huwaje? Katika baadhi ya wagonjwa mawimbi yameonekana kwenda kasi kupita kiasi, au kukosa mpango. Mawimbi ya kasi mno huwa dhaifu. Misuli haijikazi sawasawa, na mgonjwa huweza kusikia kichefuchefu. Hata hivyo, si kila mwenye kidonda huwa hivyo. Tena, mvurugiko kama huo huonekana kwa baadhi ya wenye kisukari, kwa wajawazito wenye kichefuchefu, na hata kwa msafiri anayechafukwa na roho garini. Kwa hiyo kipimo cha umeme hueleza mwendo wa tumbo tu; hakithibitishi kuwa kidonda kipo. Kidonda chenyewe huonekana kwa mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa kinywani.

Wala kidonda hakisababishwi na umeme. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha bakteria waliotoka tumboni mwa wagonjwa. Bakteria hao, waitwao Helicobacter pylori, pamoja na dawa kama aspirini, ndio chanzo cha vidonda vingi.

Kwa hiyo mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha asiridhike na kunywa maziwa tu. Apimwe, kwani bakteria hao wana dawa. Na anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami apelekwe hospitali mara moja.