Je, Wajua? Walioshuhudia Ujiji

Je, wajua kwamba salamu maarufu kuliko zote Ujiji haina maandishi ya siku ile? Mwandishi wa habari Henry Stanley alimkuta huko mpelelezi David Livingstone, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1871, na dunia nzima inayakariri maneno aliyomwambia: "Daktari Livingstone, nadhani?" Fungua shajara ya Livingstone: salamu haimo! Fungua ya Stanley: kurasa za mkutano zimechanwa. Tuliipata gazetini na kitabuni, mwaka 1872.

Na tarehe je? Stanley anasema 10 Novemba, Livingstone anaandika Oktoba. Na wote wawili walikuwepo, ndugu yangu! Homa ziliwavurugia hesabu ya siku.

Wanahistoria huita shajara hizo vyanzo vya msingi. Kitabu cha aliyekuja kuzisoma baadaye ni chanzo cha upili. Rahisi, sivyo? Ngoja kwanza.

Ng'ambo ya ziwa, huko Manyema, Livingstone aliishiwa karatasi. Akaandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa mbegu za mmea! Ukafifia hata usisomeke, mpaka picha za mwanga maalumu zilipoufufua mwaka 2011. Kumbe alipoyanakili maandishi hayo kwenye shajara yake kubwa, mengine aliyabadilisha. Mtu yuleyule, mkono uleule!

Je, wajua kwamba mpelelezi Speke alifika kwenye ziwa hili Februari 1858 akiwa karibu kipofu? Macho yalikuwa yanamuuma, akaambulia ukungu tu. Shahidi wa macho huyo!

Unadhani walioandika ni wageni peke yao? Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Msome, ila ujue mfanyabiashara wa pembe na watumwa hajisemi vibaya.

Na filamu je, ni shahidi? Umeitazama The African Queen, ya mwaka 1951? Mle meli ya Wajerumani inalipuliwa na kuzama. Meli halisi ya ziwa hili iliyoizaa hadithi hiyo waliitosa Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Waulize wa Kigoma!

Na hii je? Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Gombe, kando ya ziwa hilihili, Julai 1960. Baadaye Watanzania ndio waliowafuata sokwe msituni siku baada ya siku, wakiandika walichokiona kwa Kiswahili. Profesa wa Marekani anayetaka kuyasoma maandishi hayo kama yalivyoandikwa, na ajifunze lugha yako kwanza!