“Mfumo Hausomi”: Kosa ni la Nani?

HAPANA mkazi wa mjini siku hizi asiyeijua sentensi hii fupi: “Mfumo hausomi.” Utaisikia benki, utaisikia kwenye dirisha la kulipia maji, utaisikia stendi ya mabasi, na mbaya zaidi utaisikia hospitalini. Karani akishaitamka, mambo yamekwisha. Yeye anageukia simu yake, nasi wenye shida tunarudi kwenye benchi.

Ndugu wasikilizaji, mimi nilikuwa nimekwisha kuizoea sentensi hiyo kama tulivyolizoea vumbi la Septemba hapa Dodoma. Lakini Jumatatu moja ilinigusa nyumbani. Nilimpeleka shangazi yangu, mtu mzima kutoka upande wa Bahi, kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja jina. Shangazi anaugua kisukari na shinikizo la damu, na ametibiwa hapo tangu walipoanza kutumia kompyuta, miaka minne iliyopita. Yeye ni mgonjwa namba 57. Binti wa mapokezi akaandika namba, akaandika jina, akaandika tena. Kisha akauliza kwa upole: “Bibi, una uhakika umewahi kutibiwa hapa?”

Shangazi hakujibu. Alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfuta.

Daktari alifanya alivyoweza. Alimpima sukari, akampima presha, akamwuliza anatumia dawa gani. Shangazi akasema anatumia kile cheupe cha duara, na kile cha manjano nusu asubuhi. Vidonge vyeupe vya duara vipo vya namna ngapi katika duka la dawa? Ndivyo alivyotibiwa siku ile, kwa rangi.

Kazi yangu ni kuuliza, nami nikauliza. Fundi wa kompyuta wa kituo kile, kijana muungwana, alinieleza kila kitu bila kuficha, na maelezo yake nimeyafanyia uchunguzi tangu wakati huo. Nayaleta kwenu kwa sababu wengi wenu mna maduka, mna shule, mna ofisi, na siku moja mtu atawajia na kidude cha flashi mkononi akisema: “Nimewaletea toleo jipya.”

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Kuiweka programu ndani ya kompyuta mafundi wa mjini hukuita kufunga. Wasomi wa lugha husema kusakinisha. Mimi leo nitasema kusimika, maana kufunga kunaweza kumchanganya aliyekwisha kufungiwa duka. Programu haijisimiki yenyewe. Huja na mwenzake, programu ndogo ya kusimikia, ambaye kazi yake ni kufungua mzigo na kuweka kila kitu mahali pake. Huyo mwenzake anaongozwa na karatasi ya maagizo iitwayo skripti.

Neno hilo sisi watangazaji tunalijua. Skripti kwetu ni karatasi tunayoisoma hewani. Nakumbuka mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku aliyekabidhiwa kwa makosa skripti ya asubuhi. Aliwatakia wasikilizaji kifungua kinywa chema saa nne usiku. Alisita, lakini alikuwa amekwisha kutamka. Kompyuta haisiti hata kidogo. Ikiambiwa tengeneza daftari jipya, itatengeneza daftari jipya, hata kama lipo la zamani lililojaa watu.

Na hilo ndilo lililotokea. Skripti ya toleo lile jipya iliandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria kompyuta tupu, iliyotoka dukani jana. Iliagiza: tengeneza chumba, weka mafaili, tengeneza daftari la kumbukumbu, anzisha huduma, aga. Haikuuliza hata mara moja: hodi, humu kuna mtu?

Hapa yafaa nieleze huduma ni nini, maana ndipo penye kiini cha jambo. Programu unayoiona kwenye kioo, yenye vidirisha na vitufe, ni kama mhudumu wa hoteli anayekuletea chai. Nyuma yake kuna mpishi usiyemwona. Ndani ya kompyuta mpishi huyo ni programu inayofanya kazi chinichini: huamka yenyewe mashine inapowashwa, haina dirisha wala kitufe, na ndiyo inayoshika daftari la kumbukumbu. Kila huduma ya namna hiyo hukaa kwenye kidirisha chake chenye namba, ikingojea maombi. Dirisha moja halikaliwi na makarani wawili.

Ijumaa jioni, basi, fundi wetu aliichomeka flashi na kubonyeza. (Kwa nini mafundi hupenda Ijumaa jioni, hilo ni somo la siku nyingine.) Skripti ikamweka karani mpya katika chumba kipya, na daftari jipya lisilo na hata jina moja. Ikamwambia: nenda kaanze kazi. Karani mpya akaenda dirishani, akamkuta karani wa zamani amekaa, maana hakuna aliyemwambia ainuke. Karani mpya akarudi zake kimya. Skripti haikuagizwa kutazama kama ameanza kazi kweli, kwa hiyo ikaandika kwenye kioo: usimikaji umekamilika.

Fundi naye alijaribu. Akatafuta wagonjwa watatu, wote akawapata. Bila shaka aliwapata. Aliyekuwa akimjibu ni karani wa zamani! Akafunga ofisi akaenda nyumbani na moyo mweupe.

Jumatatu alfajiri umeme ulikatika. Uliporudi, mashine ikajiwasha, na makarani wote wawili wakaamka pamoja na kukimbilia dirisha lile lile. Safari hii aliyefika kwanza ni mpya. Saa mbili asubuhi shangazi yangu akawa hajawahi kutibiwa popote.

Sasa msambazaji wa programu ile alipopigiwa simu alisema kwamba fundi alibonyeza vibaya. Mimi sikubali. Fundi ana lawama yake, nayo ni kutokuweka nakala ya akiba ya daftari kabla ya kugusa chochote. Lakini kubonyeza alibonyeza kama alivyoelekezwa. Aliyekosa ni yule aliyeandika skripti bila kukumbuka kwamba wateja wake wengi wanayo tayari programu yake. Huo ni uzembe wa ajabu, kwani anayeleta toleo la tatu hakosi kujua kwamba kuna watu wenye toleo la pili.

Skripti nzuri huanza kwa kuuliza. Windows ina daftari lake la usajili ambamo kila programu iliyosimikwa huandikwa. Programu za kutengenezea visimikaji zilizo maarufu, kama Inno Setup ya Jordan Russell iliyotoka mwaka 1997, humtaka mtengenezaji aipe programu yake kitambulisho kimoja kisichobadilika. Toleo jipya likija na kitambulisho kile kile, kisimikaji hujua kwamba hapa tunamrithi ndugu, hatujengi nyumba mpya. Mtengenezaji akikibadilisha kwa bahati mbaya, kompyuta itakuwa na programu mbili za baba mmoja zisizojuana. Baada ya hapo huulizwa namba ya toleo, maana yupo pia mtu atakayesimika la zamani juu ya jipya.

Kisha huja kazi ya kumwinua karani. Hapa wengi hujikwaa hata wakiwa na nia njema. Unapoiamuru huduma isimame, mara nyingi jibu la kompyuta maana yake ni “nimesikia”, siyo “nimekwisha”. Huduma inayoshika daftari inaweza kuwa katikati ya kuandika. Inahitaji nusu dakika ya kumaliza na kufunga. Skripti yenye haraka hurukia kunakili mafaili wakati mpishi bado ameshika mwiko. Windows hukataa faili la programu inayofanya kazi lisibadilishwe, na kisimikaji huahidi kulibadilisha mashine itakapowashwa tena. Mashine ya namna hiyo hukaa na nusu mpya na nusu ya zamani mpaka siku hiyo ifike. Linux yenyewe hukubali faili libadilishwe papo hapo, lakini programu iliyokwisha kuamka huendelea na lile la zamani hadi ianzishwe upya. Kwa hiyo ukaguzi wa fundi wetu ungeweza kumdanganya hata huko.

Huduma ikishasimama kweli, hunakiliwa daftari, huwekwa mafaili mapya, daftari la zamani hurekebishwa liendane na programu mpya, ndipo huduma huanzishwa na kuulizwa: uko toleo gani, na una majina mangapi? Likikosekana jibu, kila kitu kirudishwe kilivyokuwa. Na mwenye nyumba asiporwe mipangilio yake. Debian, mradi wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, una utaratibu ninaoupenda: faili la mipangilio likiwa limebadilishwa na mwenyewe, kisimikaji husimama na kumwuliza kama anataka kubaki na lake au kuchukua jipya. Hiyo ni adabu ya mgeni.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya flashi za Dodoma peke yake. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa, Knight Capital, iliweka programu mpya kwenye seva zake 8. Kazi ilifanywa kwa mkono, na seva moja ikasahauliwa. Tarehe 1 Agosti soko lilipofunguliwa, seva 7 zilifanya kazi mpya, na ile ya 8 ikaamsha programu ya zamani iliyokuwa imelala humo miaka mingi. Ilinunua na kuuza kama mlevi mnadani. Katika dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440, na haikuinuka tena kwa miguu yake yenyewe.

Tena tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya CrowdStrike ilituma faili moja lenye kasoro kwenye programu yake ya ulinzi, ambayo ni ya namna hiyo hiyo ya kufanya kazi chinichini. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 zilianguka. Ndege zilikaa chini, hospitali ziliahirisha matibabu. Kompyuta ziliwaka na kuzima, zikawaka na kuzima, na nyingi zilipona kwa mafundi kuziendea moja moja na kulifuta faili lile kwa mkono. Faili lilikuwa limekwenda kwa wote kwa wakati mmoja, pasipo kuanza na wachache.

Sisi wa nyanda hizi za kati tunao mfano mzuri mbele ya macho. Reli ya zamani ya mita moja, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, haikung’olewa ili kupisha ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435. Mpya ilijengwa kando, ikajaribiwa, na Julai 2024 abiria wakaanza kuipanda hadi hapa Dodoma. Wenye uwezo wa kuwa na seva mbili hufanya hivyo hivyo: mpya husimama pembeni ya zamani, hukaguliwa, kisha wateja huhamishwa. Lakini kituo chetu cha afya kina mashine moja, tena iko chini ya meza. Kwake hakuna reli ya pili. Lazima asimamishe treni, atengeneze, aiachie.

Na kusimamisha siyo aibu. DHIS2, mfumo unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo ambao Tanzania huutumia kukusanyia takwimu za afya, una maelekezo yaliyo wazi: kabla ya kupandisha toleo, chukua nakala ya daftari na simamisha huduma. Ukishapanda, hushuki, daftari hubadilishwa umbo, na njia ya kurudi nyuma ni ile nakala.

Basi akija mwenye flashi, mwulize mbele ya mashahidi. Iliyopo utaifanya nini? Umejaribu juu ya mashine yenye kumbukumbu za miaka, au juu ya mashine tupu? Likishindikana, nitarudije nilikokuwa, na kwa muda gani? Akikujibu “usiwe na wasiwasi, mzee”, ndipo uwe nao. Na kabla hajaondoka, zima mashine, iwashe tena, kisha tafuta jina la mteja wako wa zamani kuliko wote. Ukaguzi huo hauhitaji stashahada, na Ijumaa ile ungechukua dakika kumi.

Daftari la shangazi lilipatikana Jumatano. Halikuwa limefutwa, lilikuwa katika chumba chake cha zamani, likishikwa na karani aliyekosa dirisha. Lakini kwa siku mbili wagonjwa waliandikishwa kwenye daftari tupu, nalo lilianza kuhesabu kutoka namba 1. Madaftari yalipounganishwa kwa mkono, ilionekana kwamba kuna mama mmoja aliyefika Jumanne na mtoto mwenye homa, naye akapewa namba 57.

Mpaka leo mapokezi wanawatofautisha kwa kalamu. Mtoto yule ni 57 B. Shangazi ni 57 A, imeandikwa kwenye kipande cha karatasi anachokikunja kwenye kitambaa pamoja na kadi ya bima.