Maua ya Mvua ya Kwanza: Siku Moja Mlimani Homa

Majira ya kuchipua wanayoyasifu watu wa Ulaya, yale yafuatayo theluji, sisi tuliokaa kwenye Ikweta hatuna. Tulicho nacho ni masika. Katika nchi ya Nyanza nyasi za Januari na Februari hugeuka rangi ya mkeka mkuukuu. Kisha mvua hushuka mwezi Machi, na kabla Aprili haijatoka vilima vinavyolizunguka Ghuba la Winam huwa vimekwisha kuvaa maua. Kinachoyaamsha si joto bali ni maji. Mengi hulala ardhini kiangazi kizima, yakiwa vitunguu na viazi vilivyojaa akiba, na yakionja unyevu husukuma shina juu, mengine hata kabla ya kutoa majani.

Ndiyo sababu jamaa zetu wa Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, walipotualika, tuliomba safari iwe Aprili. Tulikuwa watu kumi na mmoja, watano wao watoto. Mlima Homa una mita 1,751 kutoka usawa wa bahari, nao huinuka juu ya ziwa kiasi cha mita 600 hivi. Ni mlima wa volkano, tena wa namna adimu, kwani sehemu kubwa ya mawe yake ni ya jamii ya chokaa. Nia yetu haikuwa kilele, bali pengo lililo baina ya mlima mkuu na kilima cha ubavuni, mahali ambapo wachungaji huvusha mifugo.

Tuliondoka mara baada ya swala ya Alfajiri. Aliyetangulia mbele ni mama wa mwenyeji wetu, ambaye watoto wote walimwita Bibi tangu shikamoo ya kwanza. Yeye ndiye aliyetuonyesha lile ua dogo la buluu ambalo mkulima huling'oa shambani kama gugu: hufunguka asubuhi na kujifunga jua likikaribia utosini, hata anayechelewa kitandani haambulii kitu. Penye kivuli tulikuta tufe jekundu la nyuzi nyembamba, kubwa kama chungwa, limesimama juu ya shina tupu. Watoto walilizunguka wakinong'ona, kana kwamba lingeweza kuwasikia.

Lakini lililotushughulisha zaidi siku ile ni yungiyungi la moto. Petali zake sita hujipinda nyuma na kuelekea juu, nyekundu zenye kingo za njano, mithili ya ndimi za moto wa kuni. Ncha za majani yake hujikunja mfano wa vidole, na kwa hizo mmea hushika vichaka na kupanda. Kijana wetu wa miaka minane alikwisha chimbua shina lake kwa kijiti, akainua mzizi mnene uliogawanyika mara mbili.

"Weka chini, mjukuu wangu," Bibi alimwambia bila kupaza sauti. "Hicho hakiliwi."

"Mbona kama kiazi, Bibi?"

"Basi ndiyo maana nimekuambia mapema."

Akamnawisha mikono kwa maji ya chupa, na safari haikuendelea hata alipokwisha kuzikagua kucha zake. Uangalifu ule ulikuwa na haki yake. Mmea huo wote, na hasa mzizi, una sumu iitwayo kolchisini. Kwa kipimo kidogo sana matabibu huitumia kutuliza jongo. Mwenye kuula mzizi huweza kufa. Kutapika na kuharisha huanza baada ya saa kadhaa, muda wa kutosha kwa mzazi kudhani mtoto amesalimika. Anayeshukiwa kuula apelekwe hospitali papo hapo, wala asingojewe dalili. Tunalitaja jambo hili kwa urefu kwa kuwa ua hilo halikai Nyanza peke yake: huota hata huku kwetu Pwani, na wako wanaolipanda bustanini kwa uzuri wake.

Penye pengo tulifika wakati wa Adhuhuri. Sisi wa Mombasa tumezoea kibla kilicho kaskazini takriban sawasawa. Pale huegemea mashariki kidogo, na aliyesimama kukielekea hulitazama ghuba lote likiwa chini yake. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Tulipotoa salamu tuliona wingu zito limesimama juu ya maji. Vijana walitaka kupanda kilele, nacho kilionekana karibu kabisa. Bibi alilitazama wingu, akaokota fimbo yake na kuanza kushuka. Mvua za ziwani hupenda kuja alasiri pamoja na radi, na mgongo wa mlima ulio wazi si mahali pa kuzingojea. Vijana walinung'unika mpaka ngurumo ya kwanza.

Kwa familia itakayopenda kwenda: chukueni mwenyeji anayezijua njia, viatu visivyoteleza kwenye tope, na maji mengi kuliko mnavyodhani. Mvua ikikawia mwaka huo, nayo maua yatakawia; ulizeni kwanza kwa simu.