Mgeni wa Vuli

Ifikapo Septemba na Oktoba, huko Ulaya baridi huingia, majani hupukutika, na wadudu warukao huadimika. Ndipo mbayuwayu hufunga safari ya maelfu ya maili kuja kwetu. Kesho asubuhi tembeeni polepole kando ya mashamba, mtazame juu. Mgongo wake ni wa buluu iliyokoza, koo jekundu, mkia wenye ncha mbili. Uzito wake ni kama gramu 20 tu! Hula nzi na wadudu wengine huku akiruka. Basi waambieni watoto waweke manati chini: amwuaye mbayuwayu amejiongezea nzi. Hesabuni mtakaowaona, mwandike daftarini. Machi na Aprili hurudi kwao. Kwaherini.