Umechoka na ofisi, sasa unataka kukanda watu?

Wewe ambaye umekaa kwenye kaunta ya benki miaka minne, mgongo unalia na kichwani unawaza kujifunza masaji, hebu tuongee. Si wazo la kijinga. Mimi mwenyewe niliachia chuo katikati, kwa hivyo sina ubavu wa kukucheka.

Lakini jua unachoingilia. Masaji, refleksolojia na kuumika si fiziotherapia. Wanafiziotherapia wana sheria yao ya 2014, na kozi ya miezi mitatu haikupi ruhusa ya kujiita mmoja wao. Kabla hujatoa karo, uliza kama chuo kimesajiliwa na TVETA. Wakianza kuzungukazunguka, toka na pesa zako.

Refleksolojia ndiyo inauzwa sana na maneno matamu. Ramani zake za nyayo zilienezwa na Mmarekani Eunice Ingham miaka ya 1930, zikidai kila sehemu ya wayo imeungana na kiungo fulani mwilini. Ushahidi kwamba inatibu magonjwa ni hafifu. Ila mtu aliyesimama Gikomba tangu alfajiri, ukimkanda miguu nusu saa, analala kama mtoto. Basi uza huo usingizi. Ukianza kumwahidi mtu utamponya kisukari, umekuwa tapeli, hata uwe na cheti ukutani.

Kuna somo moja ambalo lazima ulidai darasani: wakati wa kutokanda. Mteja anakuja na mguu mmoja umevimba, shavu la mguu lina joto na linauma. Huenda ni damu imeganda kwenye mshipa. Ukilikanda, bonge linaweza kung'oka likaenda mapafuni, na mtu akafa. Usimguse. Mpeleke hospitali, hata kama ameshalipa.

Halafu kuna mama. Ukisema "masaji" nyumbani, atafikiria mambo mengine kabisa, na wateja fulani pia (hasa wanaopiga simu saa tano usiku). Dada, usiende kwa mtu usiyemjua peke yako. Chukua nusu ya malipo kwa M-Pesa mapema. Wasumbufu wengi huishia hapo.

Na barua ya kuacha kazi usiiandike Ijumaa hii. Anza wikendi, na shingo za wenzako wa ofisini, wakilipa. Wakirudi mara ya tatu bila kuitwa, hapo tuzungumzie hiyo barua.