Namkumbuka baba mkubwa, mhandisi aliyeligawa shamba letu

KILA ninapofika Rumonge na kuliona jiwe lililopakwa chokaa katikati ya michikichi, namkumbuka marehemu baba mkubwa. Jiwe hilo aliliweka mwenyewe mwaka 2009, na kwa ajili yake baba yangu mzazi alikaa miaka miwili bila kumsalimia.

Baba mkubwa alikuwa mhandisi. Mwaka 1972, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi pamoja na mama yake na mdogo wake, ambaye ndiye baba yangu. Babu alikuwa amekwisha kuuawa. Walipokewa Kigoma, kisha wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Huko ndiko nilikozaliwa na kusomea.

Wazee wetu walilima tumbaku. Yeye alipata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitivo cha uhandisi kilichofunguliwa mwaka 1973. Alipohitimu alikwenda Mtera, ambako bwawa kubwa lilikuwa likijengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu. Baadaye alipelekwa Sweden kwa mafunzo, na katika miaka ya 1990 alifanya kazi Lesotho, kwenye bwawa la Katse lenye ukuta wa mita 185. Nchi zote hizo alizifikia kwa hati ya safari ya mkimbizi. Mipakani wenzake walipita, yeye akaambiwa asubiri pembeni.

Familia yake aliiacha Ulyankulu kwa sababu bibi hakutaka kuhama tena. Lakini hakuna Krismasi aliyoikosa. Kutoka Lesotho alisafiri siku nyingi kwa basi na treni, akishuka Tabora na mzigo wa madaftari kuliko nguo. Mama mkubwa alizoea kusema kwamba mume wake anaishi barabarani lakini analala nyumbani.

Kila barua yake ilikuwa na hesabu kwa ajili ya watoto wote wa ukoo. Moja naikumbuka hadi leo: pipa la lita 200 linavuja lita 3 kwa saa, baada ya siku mbili litabaki na lita ngapi? Tulituma majibu kwa posta, naye aliyarudisha yakiwa yamesahihishwa kwa wino mwekundu. Ualimu wangu ulianzia kwenye barua zile.

Mwaka 2009 tulirudi Burundi. Shamba la babu tulilikuta mikononi mwa familia nyingine, iliyogawiwa baada ya sisi kukimbia. Walikuwa wamelima hapo zaidi ya miaka thelathini, na wamezika watu wao hapo. Baba alitaka tudai lote. Baba mkubwa alikaa siku tatu na mzee wa familia ile mbele ya Bashingantahe, kisha akatoa futi yake ya kazi, akapima kutoka barabarani hadi mtoni na kuweka jiwe katikati.

Baba alimuuliza kwa hasira kama hayo ndiyo aliyoyasoma ng'ambo. Baba mkubwa alimjibu taratibu:

"Mdogo wangu, huyu si aliyetufukuza. Alipewa ardhi na serikali, kama sisi tulivyopewa Ulyankulu. Je, wenyeji wa Tabora wangekuja kutudai, ungekwenda wapi na watoto?"

Baba hakujibu, na hakumsemesha tena. Sisi vijana pia tuligawanyika. Mimi nilikuwa upande wa baba, na sioni haya kukiri hivyo.

Miaka miwili baadaye bibi alifariki. Alfajiri tulipofika makaburini tukawakuta watu wa upande wa pili wa jiwe wamekwisha kuchimba kaburi, na wanawake wao wameleta ndizi na kuni. Baba alisimama kimya kwa muda mrefu. Kisha akaenda kukaa kwenye mkeka mmoja na kaka yake.

Katika miaka yake ya mwisho baba mkubwa alipenda kutusimulia habari za maporomoko ya Rusumo, kwenye Mto Kagera. Mwaka 1977 Burundi, Rwanda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kuliendeleza bonde la mto huo kwa pamoja, naye alikuwa na hamu ya kuona umeme wake. Hakuuona, alitutoka mwaka 2019. Rusumo ilianza kuzalisha umeme mwaka 2023. Uwezo wake ni megawati 80, sawa kabisa na kituo cha Mtera, nao hugawanywa sehemu tatu sawa kwa nchi hizo tatu.

Najua si kila aliyerudi alipata jirani kama wetu, na si kila shamba linatosha kugawanywa. Zipo kesi zilizowamaliza wazee mahakamani. Lakini ndugu msomaji, kama unao mgogoro wa mpaka leo, mwite jirani yako kwanza, mpime pamoja mchana, watoto wenu wakitazama.

Futi ya baba mkubwa ninayo darasani. Na jiwe hupakwa chokaa kila mwaka. Mwaka huu tulipofika kulipaka, tulikuta watoto wa jirani wametutangulia.